Ushuru wa meza haujui mbalamwezi: tuliyojifunza baada ya kura ya madiwani

Ukiuza dagaa kwenye mwalo wowote wa Mwanza, pale mitumbwi inaposhushia mavuno ya ziwa, unajua kwamba mwezi una siku thelathini kwenye kalenda tu. Mbalamwezi ikikolea, mitumbwi ya dagaa hailali ziwani, na inayotoka hurudi na kidogo, kwa sababu dagaa huifuata taa ya mvuvi pale ziwa lilipo giza. Siku hizo meza zinakaa tupu, wachuuzi wa mikoani hawashuki, na hata mbwa wa mwaloni wanalala mchana kutwa. Mtoto wa mwaloni analijua hilo kabla hajaanza shule. Kwenye karatasi ya ushuru wa meza waliyoipigia kura madiwani wetu halikuwemo, na ilituchukua karibu mwaka mzima kuliingiza.

Mwalo wetu hatutautaja, wala halmashauri. Mji wa Mwanza una halmashauri mbili, ya Jiji na ya Manispaa ya Ilemela iliyomegwa mwaka 2012, na kazi za ngazi hizi zinafanana kila mahali. Tunaandika kwa ajili ya wenye meza, magenge na vibanda ambao kesho watasikia "madiwani wamepitisha", wasijue pa kuanzia.

Zamani tulilipa shilingi 500 kwa siku kwa kila meza. Mkusanyaji anapita asubuhi na mashine ya posi, unalipa, risiti inatoka. Usipofungua, hulipi. Mwezi wa kumi na moja zikaanza tetesi kwamba malipo ya siku yanafutwa na kila meza na kila kibanda italipa 20,000 kwa mwezi, ufungue usifungue. Tukaziita maneno ya mwaloni. Hilo ndilo lilikuwa kosa letu la kwanza na la ghali kuliko yote. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, na makisio ya mapato ya halmashauri huanza kuandikwa miezi mingi kabla. Yanapita kwa wakuu wa idara, yanakwenda kamati ya fedha na uongozi, ndipo yanafika baraza la madiwani. Tetesi ya Novemba ina maana kuna mtu ofisini yuko na kalamu mkononi sasa hivi. Huo ndio wakati wa kwenda kumuuliza afisa biashara au mtendaji wa kata: "Kuna pendekezo gani kuhusu mwalo wetu?" Swali hilo halina gharama, na halihitaji barua.

Sisi tulisubiri hadi Februari, siku moja kabla ya baraza, ujumbe ulipozunguka kwenye simu. Watu 34 wakafunga meza, tukapanda daladala kwenda ukumbini. Kuna waliokuwa wameanika dagaa mchangani alfajiri wakawaachia watoto, na wingu likawakuta huko. Dagaa aliyenyeshewa akiwa nusu mkavu anaoza au anabaki chakula cha kuku, bei yake haifiki hata nusu. Hasara ya siku hiyo peke yake, kwa baadhi yetu, ilizidi ongezeko la ushuru la miezi kadhaa.

Ukumbini tuliruhusiwa kuingia, maana vikao vya baraza ni vya wazi kwa wananchi. Kuingia si kusema. Mgeni anakaa viti vya nyuma na kunyamaza. Tulidhani tutaona mabishano. Mstahiki Meya akataja ukurasa wa kabrasha, mwenyekiti wa kikao akiwa ni yeye mwenyewe, akauliza kama kuna mwenye hoja, diwani mmoja akauliza jambo la taka, likajibiwa, wajumbe wakaafiki. Dakika chache tu, hata aliyekwenda kujisaidia alirudi akakuta tumeshapita. Diwani wetu aligeuka mara moja kututazama, akainamia karatasi zake. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa pamoja nasi alilia pale pale kitini, kimya, kwa kanga. Wengi wetu tulitoka na hasira kwa diwani.

Baadaye tulielewa kwamba hasira ile haikuwa mahali pake. Wanaopiga kura pale ni madiwani wa kata, madiwani wa viti maalumu na mbunge. Mkurugenzi ni katibu wa kikao, hana kura. Lakini jambo la fedha linapofika baraza huwa limekwisha kuchambuliwa kwenye kamati ya fedha na uongozi, na madiwani wa chama kimoja huwa wamekutana kwanza wao kwa wao kuweka msimamo. Diwani anayeinuka barazani kupinga kitu ambacho kamati imekiridhia, bila tarakimu mkononi, anajipinga mwenyewe mbele ya wenzake. Hatukuwa tumempa hata ukurasa mmoja wa kushika.

Kosa la pili lilikuwa kuamini kwamba kura ile imemaliza mambo. Tulirudi tukakaa. Aliyetuokoa ni kijana aliyekwenda ofisi ya kata kuchukua barua ya utambulisho, akaona kwenye ubao wa matangazo wenye kioo, nyuma ya tangazo la chanjo ya mbwa, karatasi yenye kichwa "rasimu ya sheria ndogo za ada na ushuru", na chini yake tarehe ya mwisho ya kupokea maoni. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja. Alipiga picha kwa simu. Kioo kilikuwa na ukungu kwa ndani, jedwali likasomeka nusu, ikabidi arudi siku ya pili kuomba nakala kwa mtendaji.

Hapa ndipo penye ufunguo, na tunaomba msomaji apasome taratibu. Katiba ya Tanzania, ibara ya 138, inasema hakuna kodi ya aina yoyote itakayotozwa isipokuwa kwa sheria ya Bunge au kwa utaratibu uliopata nguvu kutoka kwenye sheria hiyo. Kwa halmashauri, utaratibu huo ni sheria ndogo. Baraza likikubali kiwango kipya, kiwango hicho bado hakijawa sheria. Rasimu inatangazwa kwa wananchi watoe maoni, inapitishwa na baraza, inakwenda kwa waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa kuidhinishwa, kisha inachapishwa kwenye Gazeti la Serikali na kupewa namba ya Tangazo la Serikali na mwaka. Kati ya kura mliyoishuhudia na namba hiyo kuna miezi, na ndani ya miezi hiyo kuna mlango.

Wenzetu tisa walikuwa wamekwisha kutoa 20,000 za mwezi wa tatu kwa mtu aliyewaambia kiwango kimepanda. Fedha hizo hazikurudi. Risiti mbili kati ya tisa zilikuwa za mkono, za kitabu cha dukani. Kwa hiyo, mtu akija na kiwango kipya muulize kwa heshima: sheria ndogo ya mwaka gani, Tangazo la Serikali namba ngapi, na hiki kiwango kiko wapi kwenye jedwali? Mkusanyaji wa haki hachukii swali hilo. Halafu lipa kwa posi au kwa kontroo namba peke yake, na usome risiti kabla hajaondoka: aina ya ushuru, kiasi, tarehe. Karatasi ya posi hufifia. Ukiichomeka juu ya paa la kibanda, ndani ya miezi miwili jua linaifanya nyeupe kabisa. Piga picha siku hiyo hiyo au toa nakala.

Rasimu ilikuwa na kurasa nyingi, na aliyetusaidia kuisoma alituelekeza tuanze na sehemu tatu: tafsiri ya maneno, jedwali la viwango, na adhabu. Kwenye tafsiri tukakuta "meza" ni "eneo lolote linalotumika kufanyia biashara ndani ya mwalo". Maana yake beseni la mihogo ya kuchemsha ni meza. Bibi anayeuza karanga kwenye sinia magotini ni meza, 20,000 kwa mwezi. Watu wengi wanakimbilia kiwango na kuacha tafsiri, wakati tafsiri ndiyo inayoamua nani atalipa.

Barua yetu ya kwanza ilikuwa mbaya. Iliandikwa kwa uchungu, kurasa nne: ushuru, choo kilichojaa, taa zilizozimika, barabara ya kuingilia, kodi ya jengo inayokatwa kwenye umeme, na ombi kwamba turuhusiwe kujenga vibanda vya matofali karibu na maji. Mtendaji wa kata aliisoma yote mbele yetu, akavua miwani, akasema, "Wazee wangu, hapa mmeniletea serikali nzima." Alikuwa sahihi. Kodi ya jengo inayokatwa kupitia LUKU tangu 2021 ina sheria yake. Barabara zile ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Na mita 60 kutoka ukingo wa ziwa zimezuiwa shughuli za kudumu na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na baraza la madiwani halina uwezo wa kuifuta kwa kura yoyote. Tungeipeleka barua ile, mwanasheria wa halmashauri angejibu hilo moja la mita 60, na faili lingefungwa. Mbaya zaidi, tungekuwa tumejishtaki wenyewe, maana nusu ya chanja zetu za kuanikia zimo humo.

Tukabaki na mambo mawili tu: kiwango cha meza za dagaa, na tafsiri ya neno "meza".

Kisha ikaja hesabu, na hesabu ndiyo iliyobeba kazi yote. Mama mmoja muuza dagaa alikuwa na daftari la shule, lile la mistari lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Kila siku aliyouza aliweka mkwaju mmoja, na ndoo alizonunua. Siku isiyo na dagaa alichora duara. Hakuwa ameandika kwa ajili ya halmashauri, aliandika ili ajue lini aende kijijini kulima. Tulipolifungua, kurasa zilikuwa na duara kumi hivi zimeshikana, kisha mikwaju, kisha duara tena, mwezi baada ya mwezi. Mzee mmoja akachukua kalenda ya Kiislamu ya msikitini akailinganisha. Duara zote zilizunguka tarehe 13, 14 na 15 za mwezi muandamo, siku ambazo mwezi ni mpevu. Watu waliangua kicheko cha furaha, maana kitu tulichokuwa tunakijua kwa mazoea kilikuwa kimesimama pale mbele yetu kwa kalamu ya bluu.

Tukakusanya risiti za posi za watu ishirini, za miezi mitano, zile ambazo hazijafifia. Wastani ukawa siku 19 za kazi kwa mwezi.

Sasa tazama zilivyokaa. Mwalo una meza 120. Ofisi ilikuwa inakisia hivi: meza 120 mara 500 mara siku 30 mara miezi 12, ni 21,600,000 kwa mwaka. Kilichokuwa kinaingia kwa siku 19 ni 13,680,000. Pengo la 7,920,000 kila mwaka. Kwa mtu aliyekaa ofisini, pengo la namna hiyo lina maelezo mawili tu: wafanyabiashara wanakwepa, au wakusanyaji wanakula. Ndiyo maana wakaja na ada ya mwezi, ili mtu asipate pa kukwepea. Hawakuwa na nia mbaya nasi. Walikuwa wanatafuta mwizi, na mwizi alikuwa mwezi wa angani. Na ada ya 20,000, kwa mtu anayefanya kazi siku 19, haikuwa nyongeza ya theluthi moja juu ya 15,000 za siku 30, kama ilivyoandikwa kwenye maelezo yao. Alikuwa akilipa 9,500. Ilikuwa zaidi ya mara mbili.

Kuelewa kwamba ofisi ina tatizo lake la kweli kulibadilisha namna yetu ya kuongea. Hatukwenda tena kulia kwamba tunaonewa. Tulikwenda kuwaambia kwamba makisio yao ya 28,800,000 (meza 120 mara 20,000 mara miezi 12) hayatafikiwa, kwa sababu wenye meza ndogo watazirudisha, na mwisho wa mwaka halmashauri itaonekana imeshindwa kukusanya. Mweka hazina anaogopa sana makisio yasiyofikiwa. Tukawaomba wafanye jambo moja jepesi, wachapishe kutoka kwenye mfumo wao makusanyo ya mwalo wetu siku kwa siku kwa mwaka uliopita, wayaangalie pamoja na kalenda ya mwezi. Ushahidi ulikuwa kwenye mashine zao wenyewe.

Barua ya pili ilikuwa ukurasa mmoja na viambatisho. Iliandikwa kwa Mkurugenzi, kupitia kwa mtendaji wa kata, kupitia kwa mtendaji wa mtaa. Yah: Maoni kuhusu rasimu ya sheria ndogo za ada na ushuru, kifungu cha tafsiri na kipengele cha meza za mwalo. Aya ya kwanza ilitaja tangazo na tarehe yake. Ya pili ilitoa hesabu. Ya tatu ilisema tunachoomba kwa maneno ambayo mwanasheria anaweza kuyanakili: meza za dagaa zibaki 500 kwa siku ya biashara kwa posi, na "meza" iwe ni ile ya kudumu iliyosajiliwa na uongozi wa mwalo. Usimwachie afisa kazi ya kutunga sentensi, mpe sentensi. Nakala tatu, moja ikarudi kwetu na mhuri wa "imepokelewa", tarehe na sahihi. Mhuri huo uligombaniwa kidogo, maana karani alisema si lazima. Ni lazima. Bila mhuri barua yako haijawahi kuwapo.

Kabla ya hapo tuliomba jambo hili liwe ajenda kwenye mkutano wa wakazi wa mtaa. Wengi hudharau mkutano huu kwa sababu unafanyika chini ya mwembe na watu wanaongelea jalala. Lakini muhtasari wake, wenye mahudhurio na sahihi, unapanda kwenda kamati ya maendeleo ya kata, na diwani ndiye mwenyekiti wa kamati hiyo. Jambo likifika kwake kwa njia hiyo halimfikii tena kama malalamiko ya watu 34 wenye hasira. Linamfikia kama azimio la kata yake, na ana wajibu wa kulibeba. Angalia muhtasari kabla haujasainiwa. Wa kwetu uliandikwa "wananchi wanapinga ushuru", kitu ambacho hakuna aliyekisema, tukaomba urekebishwe uwe "wanapendekeza ushuru wa siku uendelee".

Diwani wetu hakuwa mjumbe wa kamati ya fedha na uongozi. Hilo hatukulijua mwanzoni na tulimsumbua bure. Uliza mapema ni madiwani gani wako kwenye kamati inayohusika. Mambo ya viwango ni kamati ya fedha, ambayo meya huiongoza, na mambo ya wapi mtu akae ni kamati ya mipango miji na mazingira. Diwani wa viti maalumu anayeishi kata ya jirani ndiye aliyekuwa mjumbe, na mama yake aliwahi kuanika dagaa. Alielewa kabla hatujamaliza sentensi. Vikao vya kamati si vya hadhara, unaingia kwa mwaliko, naye ndiye aliyeomba wawakilishi wetu wawili waitwe kwa dakika kumi.

Kuna aliyependekeza tuchange fedha "za kuwaona wakubwa". Tulibishana vikali, jioni nzima, watu wakanuniana. Tulikataa. Kwanza ni rushwa, na mtoaji na mpokeaji wote wana kesi TAKUKURU. Pili, ukishalipa, ombi lako linageuka fadhila, na fadhila hukatwa siku atakapoingia mtu mwingine. Mchango wetu ulikuwa 2,000 kwa kila mmoja, watu 86, jumla 172,000. Zilizotumika ni 131,500: kuchapa barua, nakala, nauli za wawakilishi na chakula chao cha siku tatu. Kila shilingi iliandikwa na karatasi ikabandikwa kwenye nguzo ya ofisi ya mwalo. Bila karatasi ile kundi lingesambaratika, maana mwaloni tetesi ya fedha hukimbia kuliko boti.

Kwenye kamati, swali gumu halikutoka kwa mweka hazina. Lilitoka kwa afisa maendeleo ya jamii. Alisema asilimia 10 ya mapato ya ndani hukopeshwa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, 4 na 4 na 2, bila riba. Mkipunguza ushuru, mnapunguza mikopo yenu wenyewe. Hatukuwa na jibu tayari. Ni hoja ya kweli, na anayekwenda kamatini ajiandae nayo. Mwakilishi wetu alijibu tu kwamba mkopo hautolewi kwa mapato yaliyokisiwa, hutolewa kwa yaliyokusanywa. Ilitosha siku ile.

Wawakilishi wetu walikwenda na vile vitambulisho vya wajasiriamali vya mwaka 2018, vya 20,000, vilivyolenga wenye mauzo yasiyozidi milioni nne kwa mwaka, wakidhani bado vinawakinga na ushuru. Kuvitoa mfukoni pale kulitupotezea dakika mbili kati ya kumi.

Rasimu iliporudi barazani na kupitishwa, tulikuwa watatu tu viti vya nyuma, na hakuna aliyefunga meza. Dagaa walibaki 500 kwa siku ya biashara. Tafsiri ya meza ilibadilishwa karibu kwa maneno yetu yale yale, na bibi wa karanga akatoka kwenye jedwali. Tulishikana mikono chini ya kiti kama watoto.

Lakini vibanda vilibaki 20,000 kwa mwezi. Mama lishe kumi na wanne wa mwalo wetu, ambao walichanga 2,000 kama sisi, hawakupata kitu. Tulipokaa kufanya hesabu tulihesabu siku za dagaa, na wao wanafungua kila siku, mbalamwezi au giza, kwa sababu hata siku mbaya kuna wavuvi wanaoshona nyavu na wanahitaji uji. Kwenye kamati wawakilishi wetu waliulizwa, "Mama lishe si wanafungua siku zote?" Wakajibu ndiyo, na ikaishia hapo. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kwamba kwa mama lishe kinachopungua siku za mbalamwezi ni kilo, wala si siku. Wachuuzi wasiposhuka, sufuria ya wali inakuwa nusu na mkaa ni ule ule. Tuliwatanguliza mbele kwenye mchango na kuwasahau kwenye karatasi. Mmoja wao alitwambia kwa upole, "Wanangu, mlituhesabia vichwa tu." Neno hilo bado linatuuma.

Kuna jambo jingine linalowasubiri, na hapa tunawatahadharisha wenye vibanda popote mlipo kandokando ya ziwa. Kila unapozungumzwa ukarabati wa mwalo, huzungumzwa pia kuhamisha vibanda. Walioona machinga wakihamishwa katikati ya mji Oktoba 2021 wanajua kwamba anayehamishwa bila orodha hupotea. Hakikisheni mna orodha yenye jina, namba ya kibanda, aina ya biashara na ukubwa kwa mita, imepokelewa kwa mhuri na mtendaji wa mtaa kabla ya mazungumzo yoyote. Na mama lishe akihamishwa mita mia mbili kutoka kwenye meza za dagaa, amehamishwa biashara yote, kwa sababu mchuuzi aliyebeba ndoo mbili haendi kutafuta wali ng'ambo ya barabara. Hilo liandikeni kwa namba pia, wateja wangapi wanatoka kwenye meza na wangapi wanatoka nje.

Sasa hivi kwenye kibanda cha yule mama lishe aliyetukanya kuna daftari limening'inizwa kwa uzi kwenye msumari, juu kidogo ya jiko ili lisishike moshi mwingi. Kila jioni mjukuu wake anaandika tarehe, kilo za unga, kilo za mchele, mkaa wa shilingi ngapi, na sahani zilizouzwa. Jana: unga kilo 9, mchele kilo 12. Mwisho wa mstari anachora mwezi jinsi anavyouona akitoka nje, mwembamba, nusu, au duara. Wamefikisha ukurasa wa ishirini na sita, na Novemba haijafika.